Mtoto Alikabwa na Chakula Mbele Yetu Sisi Wenye Breve

Mama Anastasie, mshauri wetu wa redio, nakuomba unisaidie, na jina langu ulifiche, sema tu mwalimu wa Swima. Mi nafundisha darasa la pili, na barua hii naiandika juma la tatu tangu jambo lenyewe litokee.

Mwaka huu shirika moja lilituita mjini Baraka kwa mafunzo ya huduma ya kwanza, siku tatu, walimu, bamama wanaolea batoto wadogo, na bakapiteni wa mitumbwi ya mota, tulikuwa watu arobaini na mbili, na mwishoni kila muntu akapewa breve, cheti cha kuhitimu, ya kwangu nikaipigilia ukutani. Baada ya miezi mitatu wakanichagua mimi nipime kama watu bado wanajua, wakanipa karatasi za maswali nikazunguka nazo vijiji mpaka Lweba, na kusema kweli Mama, wengine niliwanong'oneza majibu, wengine niliwaachia karatasi wajaze nyumbani, kwa kuwa ni wenzangu na sikutaka kumwaibisha muntu, na hakuna hata mmoja niliyemwambia, "Simama, nionyeshe kwa mikono." Nikaandika kwenye ripoti kwamba wote wako tayari. Na mimi nimo katika hao wote.

Juma halikuisha. Saa ine ya asubuhi, batoto wako nje wanapumzika, Rosette wa darasa langu, miaka saba, alikuwa anakula ngazi za kuchemsha, zile tunda za mchikichi, huku anaruka kamba, moja ikamteleza ikakwama kooni. Alinikimbilia mimi. Mama, alinikimbilia mimi, ameshika shingo kwa mikono miwili, mdomo wazi na hakuna sauti, hakohoi, halii, na mi nikasimama pale, majibu yote nayaona kichwani vile yalivyoandikwa, na mikono haisogei. Mwenzangu Anatole, naye ana breve, akaleta kikombe cha maji akamwinua kidevu anywe. Midomo ya mutoto ikageuka rangi ya jivu.

Ndipo mama Saumu, anayeuza mikate mlangoni kwa shule, akaja mbio. "Mwalimu, wacha maji! Unamuua!" Akamsukuma Anatole, akamwinamisha mutoto, akampiga mgongoni katikati ya mabega mara tano, kisha akamzunguka kwa nyuma, ngumi juu kidogo ya kitovu, akavuta ndani na juu, akavuta tena, na ile ngazi ikaruka mchangani. Rosette akalia kwa nguvu.

Nikamuuliza mama Saumu alijifunza wapi. Akanishangaa. "Si kule Baraka? Mi niliwapikia bugali, na yule bwana aliyewafundisha akaniita nikuwe mgonjwa wa kujifunzia. Siku tatu mulikuwa munaniwekea mikono. Niliskia kwa mwili wangu fasi ile ngumi inakaa." Ni kweli, hata mi nilimshika, nikicheka. Breve hawakumpa kwa sababu hajui kuandika.

Sasa ubaya wangu. Direkta wetu, mkuu wa shule, akawatangazia wazazi kwamba mwalimu aliyefunzwa Baraka ameokoa mutoto. Chérie, mama ya Rosette, akaja akanipigia magoti mbele ya watu, bata mkononi, analia, "Mungu akulipe, mwalimu," na mi nikapokea bata kwa mikono miwili. Mama Saumu alikuwa amesimama palepale. Alinitazama tu, akarudi kwenye mikate yake. Na sasa shirika limeandika kwamba kwa vile ripoti yangu ni nzuri, hapa halirudi tena, linaenda Kilembwe, na linataka nifike huko nisimulie nilivyomwokoa mutoto. Direkta anasema, "Nyamaza, utatuangusha wote." Anatole anapita mbali nami. Usingizi sina. Nifanye nini, Mama?

MAMA ANASTASIE ANAJIBU

Mwalimu, barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimeketi. Pole sana. Kuganda mbele ya mtoto anayekufa kunawapata hata wauguzi, na kwa hilo sikugombezi. Nakugombeza kwa zile karatasi, na kwa bata.

Lakini kwanza nakuuliza: huyo mtoto amepimwa? Umeniandikia mambo ya direkta, ya ripoti, ya usingizi wako, na hakuna mstari unaosema Rosette alipelekwa kituo cha afya! Mtoto aliyevutwa tumbo namna ile lazima aangaliwe, maana ndani anaweza kuwa ameumia. Mpelekeni leo, hata kama anacheza.

Kisha nenda kwa mama Saumu, nyumbani kwake, si pale mlangoni penye wateja. Umwombe radhi. Bata ni wake. Kama mmeshamla, tafuta mwingine. Toka hapo mwende wote wawili kwa Chérie, umwambie ni nani aliyemrudishia binti yake, na usimfiche habari ya maji.

Halafu andika ripoti mpya. Usiandike kwamba watu wamesahau. Andika kwamba hukuwapima. Unajua maana yake? Kuna kapiteni anayepakia watu katika mtumbwi wake asubuhi hii, anaamini anajua kumrudishia pumzi aliyezama, kwa sababu wewe ulisema anajua. Direkta akikutisha na aibu, muulize angewaambia nini wazazi kama mama Saumu siku ile angekuwa sokoni.

Shirika lirudi, liwapime upya bila kutoa habari mapema, kila mtu aonyeshe kwa mikono. Wasioandika nao wapimwe, wapishi na walinzi, na anayeweza apewe breve yake. Huko Kilembwe, mama Saumu ndiye asimulie. Wewe ukikubali kwenda, simulia ulivyoganda; watu watajifunza zaidi.

Wewe na mama Saumu, Anatole msimwache peke yake. Mkae naye, mrudie: mtoto anayekohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asiyeweza kukohoa, mgongo mara tano, tumbo mara tano, mkirudia, na mmoja wenu akimbie kutafuta msaada. Maji hapana. Kidole kooni kutafuta usichokiona, hapana. Na mtoto wa chini ya mwaka havutwi tumbo. Mwombeni muuguzi awaonyeshe namna ya huyo mchanga.

Jibu hili nakutumia kwanza wewe, leo Jumatatu. Alhamisi nitaisoma barua yako hewani, kwa kuwa kuna walimu wengine wanaoihitaji. Jina lako sitalitaja, lakini Chérie atajitambua. Una siku tatu za kumfanya asikie kwa mdomo wako, kabla hajasikia kwa wangu.