Mizizi ya Kisiki cha Mlimani

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi maabara. Siku nne tu za kumuuguza mama! Nafungua friza — kisiki changu hakina mizizi. Kimepitishwa msumeno, laini kama kigoda. Nilikichimba mwenyewe kwenye kinamasi kule juu, mwendo wa saa tatu kutoka mti wa mwisho. Wiki nzima nimepiga magoti topeni! Bosi anasema kakikata yeye, hakikuenea. Tunahesabu pete za shina, mizizi ya nini? Mpumbavu. Na shahada zake tatu.

Jumanne, 4 Machi
Gogo mtu anaweza kulibeba hadi kule, liwe kuni zake. Ila nani apande mlima na kisiki, kisha aifumue mizizi na kuitandaza topeni? Kiliota palepale. Vipimo vinasema miaka elfu sita. Yaani enzi hizo kulikuwa na joto la kutosha msitu kupanda hadi kule, ambako leo hakuna hata kichaka. Mizizi ndiyo iliyokuwa shahidi! Sasa tuna kigoda.

Jumatano, 5 Machi
Sijamsalimia bosi.

Alhamisi, 6 Machi
Wanaokagua makala yetu wameuliza swali moja tu: mmejuaje hakikubebwa? Haya! Bosi kaniita mbele ya wenzangu, mara dada yangu, mara mtaalamu wetu. Kilemba cha ukoka. Kisha karatasi: nisaini kwamba mimi ndiye niliyekikata, kwa uzembe. Naangushiwa jumba bovu mchana kweupe! Nimekataa. Akanikumbusha mkataba wangu unaisha mwezi huu. Namchukia. Nimeandika, basi.

Ijumaa, 7 Machi
Mzee wa bustani kanivuta pembeni. Aliambiwa na bosi aichome mizizi, roho ikamsuta, akaificha stoo. Vipande vitatu, na tope lake! Nimevipachika kwenye kisiki — vinakaa sawasawa, pete kwa pete. Nimelia kidogo. Nikavitia kwenye boksi.

Saa nane. Bosi kajua. Amesimama mlangoni kwangu, sauti ya asali. Nimpe boksi, eti mimi ni mdogo wake. Karatasi ataichana. Mkataba atauongeza. Tutasema yeye ndiye aliyeagiza mizizi itunzwe tangu mwanzo.

Kisiki kitapona. Kazi yangu itapona. Na yeye atapona — hilo ndilo nisiloweza kulimeza.

Nimelikalia boksi. Anauliza naandika nini. Anasubiri niinuke.