Vitabu Vitano vya Mama

Dada yangu,

Sisi wazima. Karakana inakwenda, geti la jirani nimelimaliza, na mama anakula, ingawa kidogo.

Lile tawi la maktaba la mtaani kwetu limefungwa. Bodi ya maktaba ilikaa kuamua tawi lipi life, nami nimo kama mwakilishi wa wasomaji. Wakapima kila tawi kwa vitabu vinavyoazimwa. Nikawaambia huku kwetu watu husomea palepale, maana nyumbani hakuna nafasi wala utulivu. Hesabuni viti, nikasema. Nimevichomelea mwenyewe, na kabla ya saa nne asubuhi vyote vimejaa. Mwenyekiti akacheka. "Fundi, kiti si kitabu." Wote wakanyoosha mikono kukubali, wangu ukabaki mezani. Kisha wakanituma mimi huyohuyo nikawatangazie watu.

Mama alikuwa pale maktabani, dirishani, alipozoea kukaa tangu tumzike baba. Alikuwa hajawahi kuazima hata kitabu kimoja, akiogopa kukipoteza. Alinisikiliza mpaka mwisho kama vile hanijui, akainuka, akamwambia mkutubi, "Nipe vyote ninavyoruhusiwa." Akapewa vitano. Akanigeukia. "Haya mwanangu, kawaambie sasa wanihesabu."

Vitabu viko juu ya kabati, hajafungua hata kimoja. Kila asubuhi anavaa viatu, anakaa kitandani, halafu anavivua.

Ukipiga simu huwa ananiambia nikujibu kwamba amelala. Halali, dada. Njoo.

Mdogo wako,
Fundi