Bima ya Waosha Maiti wa Ansab

Ansab, Maskati

Kwa dada yangu mpenzi Hind,

Assalaam alaykum. Nataraji barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji Thabit na watoto, na goti lako limepunguza maumivu. Sie huku twamshukuru Mola. Joto limeanza kupoa, na jana tulipika pweza wa nazi, ukatajwa sana.

Dada, nimekuandikia kwa sababu kwenye simu nisingelimaliza. Unawajua wale wanawake ninaoosha nao maiti hapa mtaani, tulio chini ya Bi Masouda. Mwaka jana tulimwosha jirani aliyelala kitandani muda mrefu bila mtu wa kumgeuza. Mgongo wake ulitutisha sote. Watoto wetu wako makazini, wengine nchi za nje. Nani atatugeuza sie? Ndipo tukasikia kuna kampuni inayouza bima ya matunzo kwa makundi: ukifika pahala huwezi kujilisha wala kuoga, inamlipa mtu aje nyumbani kukuhudumia.

Tukenda. Kijana wa kampuni, Yazid, alitupokea kwa adabu, lakini akatwambia sheria haikubali kundi lililokusanyika kwa ajili ya bima tu. Lazima wawe wafanyakazi wa pahala pamoja, au jumuiya iliyosajiliwa yenye shughuli zake nyengine. Bi Masouda akamuuliza kama anajua nani alimwosha bibi yake. Kijana akainama. Akasema kuosha maiti ni shughuli, ila tuisajili kwanza. Ilichukua miezi ya kwenda na kurudi, mwisho tukakubaliwa.

Hapo khofu yangu ndipo ilipoanza. Yazid alieleza kuwa wanaoingia kwa kundi hawapimwi na daktari; kila mmoja anatamka tu kwamba hajaambiwa ana maradhi ya kumlemaza. Mmoja akidanganya, mkataba wa wote huweza kuvunjwa. Wenzangu walifurahi. Mie nilikuwa nimeukalia mkono wangu wa kulia.

Dada, nna maradhi ya baba. Daktari kanithibitishia kabla ya Ramadhani. Ule mtetemeko wake, ndio huu. Kila nikikumbuka alivyokuwa akipaliwa na uji, macho yake yakituomba, jasho hunitoka. Nilimwambia Manal peke yake, rafiki yangu, naye akanishauri ninyamaze, nani atajua? Na wallahi nilitaka kunyamaza. Lakini juzi ilipofika zamu yangu, nikamtazama Bi Masouda, hata kuinuka kitini mpaka ashikwe, nikaona nitamwibia pumziko lake. Nikasema mbele ya wote. Yazid alisikitika, akasema mie sitaweza kuingia, wenzangu wataingia. Bi Masouda alinishika mkono ule mpaka nyumbani, nao ukitetemeka ndani ya wake.

Sijuti, lakini nnaogopa. Nnaogopa kijiko, nnaogopa ngazi, nnaogopa kubaki na akili zangu timamu ndani ya mwili usionisikia. Njoo ukae nami, hata kama ni mwezi mmoja. Na wewe ukiona kidole kinacheza chenyewe, usinyamaze, nenda kwa daktari.

Bila shaka umeona kuwa mwandiko si wangu. Mkono haushiki tena kalamu. Anaandika mwanangu Fajr, na haya ndiyo kwanza anayasikia. Alipofika kwenye maradhi ya baba aliweka kalamu chini, akalia, nami nikaogopa kumgusa asije akausikia mkono. Kisha akaiokota, akaniambia, "Endelea, mama, naandika."

Msalimie shemeji na kila anayeniulizia. Mungu atukutanishe tukiwa na nguvu za kukumbatiana.

Mdogo wako akupendaye,
Ruba