Mtutu Uliokatwa

Kwapa, Tororo
4 Machi 1977

Shemeji Badiru,

Salamu kutoka huku. Tu wazima, ila goti langu, lililozeeka kabla yangu. Dada yangu Adeke hajambo? Bado anakupikia, au ameshakujua?

Wanajeshi wamesikia kwamba najaza upya maganda ya risasi za kuwindia nguruwe. Wameleta bunduki mbili. Moja wameikata mtutu iingie ndani ya koti, sasa wanalalamika haina nguvu. Nami, mdomo wazi kama mwalimu, nikawaeleza: mtutu mrefu huipa baruti nafasi ya kuisukuma risasi, ukiukata, risasi hutoka kabla haijashika mbio, na baruti inawakia nje bure. Wakazijaribu kwa mafahali wa jirani yangu Oluka. Ile ndefu iliangusha mmoja papo hapo. Ile fupi ilimwacha wa pili akizunguka na utumbo nje, nao wanacheka. Kisha wakanilisha ini lake. Natapika mpaka leo.

Shemeji yako, Okware

Busia
9 Machi

Shemeji Okware,

Umeamkaje? Huku salama, na Adeke anasema angenijua mapema asingekuja. Pole kwa ini. Lakini nani alikutuma kufundisha? Waambie macho yamekufa, uvuke mpaka uje huku na mkeo Elinah. Nyuma ya duka kuna chumba. Kinanuka samaki, lakini hata wewe si waridi.

Shemeji yako, Badiru

Kwapa
15 Machi

Shemeji,

Salamu zimefika, goti linakurudishia. Nimechelewa. Wananilinda nisitoroke, ila Elinah wamemwacha aende sokoni, na barua hii iko kikapuni mwake. Mpokee.

Wanataka niongeze baruti, ile fupi ipige kama ndefu. Mdomo wangu tena! Niliwaambia desturi yetu wawindaji: aliyejaza ndiye apigaye ya kwanza, asije akajaza kizembe. Wameipenda mno. Leo mchana nitapiga ya kwanza, na si ng'ombe. Ni Rasto, fundi baiskeli, eti msaliti. Mikono yangu inanuka baruti. Naona kinyaa hata kujikuna.

Maganda yote nimeyajaza majivu ya jikoni badala ya baruti.

Shemeji yako, Okware

Busia
17 Machi

Shemeji Okware,

Hujambo? Goti je?

Elinah amefika. Jana Rasto naye akaingia, amelowa kwa kuvuka mto, kamba ingali mkononi. Anasema ulifyatua, majivu yakawarukia wanajeshi machoni, ukapiga chafya, yeye akakimbia. Milio ya bunduki zao nyingine aliyoisikia mgongoni hajui ilikuwa ya kumlenga nani.

Chumba tumekifagia. Bado kinanuka samaki. Njoo ulalamike.

Shemeji yako, Badiru