Chupa Isiyo na Jina Lako

Bruda Klementi,

Mwangaluka. Nimeanza na salamu yako maana yangu imegoma kutoka. Bado siamini. Ulirudi na treni kutoka Tura ulikokwenda kuwaona warina asali, ukaingia karakana, ukaomba maji, ukakaa kwenye benchi. Maji yalipofika, wewe hukuwepo tena. Mtu anaondokaje namna hiyo? Hata kikombe hukukigusa.

Lakini leo sikulaumu kwa kufa. Nakuandikia kwa sababu ya kikao cha jana. Tangu jana nazunguka nyumbani hapa Cheyo nikishika kitu hiki na kuacha kile, na mama ananiuliza kama naumwa.

Unakumbuka nilivyokucheka nilipoanza kazi kwako? Mimi, binti wa fundi cherehani wa Kiislamu, nifundishwe biashara na mtu aliyekaa monasteri nusu ya maisha yake, akatoka kwenda Choma kumuuguza mama yake, kisha akafungua karakana ya asali! Nilidhani watawa wanajua kusali tu. Halafu siku ile akaja afisa mmoja na suti yake, akakukuta kwenye zamu yako ya jikoni ukipakua maharage, akakuagiza ukamwite bosi. Ukamwambia akae, ukampakulia kwanza. Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Na vikao vyako, Bruda. Mlivyofanya monasteri kabla ya kubadilisha jambo lolote, ukatuletea sisi: tunakaa kimya kwanza, kisha anaanza kusema aliyeingia kazini mwisho, bosi anasema mwisho kabisa, na hakuna kumkatiza mtu. Ule ukimya ulikuwa unaniua. Ukanitania kwamba mimi ningekuwa mtawa ningefukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

Basi sikiliza. Mwaka huu mvua zimetukimbia, miti haikutoa maua ya maana, na mizinga mingi haina kitu. Yule mnunuzi wa Dar anataka mzigo wake uleule. Alipiga simu akasema, bila hata kushusha sauti, tuongeze shira ya sukari, kila mtu anafanya hivyo. La sivyo atatafuta wengine. Bila yeye, Bruda, sijui karakana itafika vipi kwenye mavuno yajayo.

Nikaitisha kikao, maana sasa kiti chako nakikalia mimi. Nakwambia kweli, nilikwenda na moyo mweupe. Nilijua watu wako watakataa, mimi nitafunga kikao na kwenda kumjibu yule bwana.

Akaanza Kulwa, mama tuliyemwajiri baada ya msiba wako. Akasema, "Bruda hakufungua mahali hapa ili sisi tupafunge. Tuchanganye kidogo tu, kwa heshima yake. Mvua zikirudi tutaacha." Nikasubiri anayefuata amkosoe. Anayefuata akasema hivyohivyo, na wa baada yake pia. Zamu ikafika kwa Mzee Athumani, aliyeonja kila pipa tangu siku ya kwanza, aliyewahi kurudisha mzigo mzima kwa sababu ya harufu ya moshi. Akalia. Akasema, "Kwa ajili ya Bruda, tuchanganye."

Kwa ajili yako! Wangekuwa walafi ningejua la kuwaambia. Hawa walikuwa tayari kudanganya kwa kukupenda.

Zamu yangu ikafika. Nikaona nitumie ujanja. Nikachukua chupa iliyokuwa mezani, yenye lebo ya Asali ya Bruda, nikasema sawa, lakini tukichanganya, jina lake litoke. Nilitegemea watashtuka, watasema hapana, haiwezekani.

Kulwa akanyanyuka. Akaichukua ile chupa, akailoweka kwenye maji ya moto, akaibandua lebo taratibu, akaifuta chupa kwa kanga yake na kuirudisha mezani. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Sasa tunaweza, dada?"

Hakuwa ananikejeli. Nilimpa sharti, naye akalitimiza. Asali ilikuwa ileile, na mimi sikuwa na hoja tena, maana hoja yangu yote ilikuwa wewe. Miaka yote niliyokaa na wewe nilifikiri mimi ni mwaminifu, kumbe nilikuwa nimejificha nyuma yako!

Nikasema hapana. Nikasema ninayekataa ni mimi Zuhura, kwa sababu atakayenunua ataamini amenunua asali, na itakuwa si asali. Nikawaambia nitampigia mnunuzi mbele yao, na nikampigia. Akakata simu kabla sijamaliza kumshukuru.

Hakuna aliyepiga makofi. Kulwa alivua aproni, akaikunja vizuri, akaondoka. Ana watoto wawili, na sikuwa na cha kumwahidi. Mzee Athumani amesema atabaki ajaribu mishumaa ya nta, lakini hakunitazama usoni. Leo asubuhi nimekwenda kwa Kulwa kumwomba arudi kwenye mishumaa, angalau siku chache kwa wiki. Aliitikia salamu, akasema atafikiri. Sijui kama nimewaokoa au nimewatupa. Ungekuwepo ningekuuliza, na pengine hilo ndilo lingekuwa kosa langu.

Nakuaga sasa, Bruda wangu. Mungu akulaze mahali pema, kwa sala zenu na kwa dua zetu. Siku wakija kuniuliza kwa nini karakana imekuwa tupu, nitawajibu. Na nakuahidi, katika jibu hilo sitakutaja.

Zuhura