Alichosema Yazan Ukutani

Al Qabil, Sharqiyah,
Oman.
9 Oktoba 1998.

Mpendwa Shangazi Khole,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta Tabora ukiwa mzima, na ule mguu uliokuwa ukivimba umepungua. Sisi hapa hatujambo. Baba bado yuko kazini baladia, ile ofisi ya mji, Bibi Ghaniya analalamika magoti lakini chakula hakimshindi. Joto limeanza kutuachia. Bibi anauliza kama mvua zimekaribia huko, na kama ukuta wa nyumba ya Isevya mmeshautengeneza.

Asali imefika. Dumu zima la lita tano, halikuvuja hata tone. Nimeona ulivyoandika juu yake kwa wino mwekundu: "Ya Hazim, aliyembeba mwanangu mgongoni." Hili ni la pili. Lile la mwaka jana nililila lote, mpaka nikapangusa kwa kidole. Hili sijalifungua, na ndilo linalonifanya nikuandikie.

Unanijua kwa simu tu, Shangazi. Nikipewa simu nasema shikamoo halafu namrudishia Baba. Skuli pia niko hivyo. Mwalimu akiniuliza naangalia dawati. Lakini kuandika naweza, basi nitaandika yote.

Baba alikwambia kwamba Yazan alichomwa na mwiba wa mtende akicheza mashambani, na mimi nikambeba mpaka nyumbani. Kumbeba nilimbeba. Kabla ya kumbeba ndiko kwenye maneno.

Yazan alipokuja kutoka kwako alikuwa na miaka kumi na miwili na Kiarabu hajui, ila cha kusalia. Wavulana wa hapa walimcheka. Sisi sote wanatuita Wazinjibari, na Unguja hatujaiona hata kwenye kalenda. "Yaa Zinjibari, binamu yako ulimi wake umebaki Afrika?" Mimi nilikuwa nacheka nao kidogo, ili wasinigeukie.

Wakati huo nilikuwa nasoma kitabu cha Kiingereza cha maktaba ya skuli, cha vita vikubwa vya Ulaya. Nilikipenda kupita kiasi. Zaidi nilivipenda vita vya Austerlitz, mwaka 1805. Napoleon aliufanya ubavu wake wa kulia uonekane dhaifu. Adui aliyekuwa juu ya kilima akaona hapo ndipo pa kupiga, akashuka na watu wengi, na kilima kikabaki karibu kitupu. Napoleon akapanda, akakichukua. Wale waliowekwa kulia ili wapigwe, kitabu kile kiliwapa mistari minne. Kuna jenerali aliyetembeza askari wake siku mbili kutoka Vienna kwenda kuwaokoa. Hiyo sehemu niliisoma, lakini kwenye mpango wangu niliiruka.

Mpango wangu ulikuwa wa uwanja wa mpira. Uko kwenye wadi, yaani bonde la mto uliokauka, chini ya kilima cha changarawe, na wavulana wa mtaa wa chini walikuwa wameushika, wakiulinda kutoka juu ya kilima. Mkubwa wao ni Marhoun. Wetu ni Harub, jirani yetu, mwenye nguvu kuliko sote. Siku moja nilimchorea Harub mchangani jinsi ya kuwatoa. Alitazama muda mrefu akasema, "Huyu bubu ana akili za shetani." Shangazi, sijawahi kusifiwa hivyo.

Ilikuwa Februari, mwaka jana. Msimu huo watu hukata miiba ya mitende kabla ya kuitia chavua, na kila shamba lina lundo la miiba mirefu kama kidole. Kulia kwa uwanja kuna ukuta wa udongo uliobomoka. Nilimweka Yazan hapo peke yake, na fulana tatu tulizozitundika kwenye makuti ili waonekane wanne.

Nilimwambia kwa Kiswahili, "Warushie mawe. Wakikaribia niite, tuko nyuma yako." Nikamgeukia Harub nikamwambia kwa Kiarabu, "Huyu waachie wao. Wakishughulika naye, sisi tunapanda." Yazan alikuwa amesimama katikati yetu. Aliangalia mdomo wangu mara zote mbili, na mara zote mbili akaitikia kwa kichwa.

Baada ya Alasiri akina Marhoun wakashuka. Sisi tisa tulikuwa tumejificha nyuma ya bustani, karibu kabisa, tunasikia kila kitu. Walikuwa na vigongo vya makuti, miiba yake haijakatwa. Yazan akaniita, "Hazim, wanakuja. Hazim, sasa."

Harub, ambaye Kiswahili hajui, akaniuliza, "Anasema nini?"

Nikamwambia, "Anasema ngojeni, hawajashuka wote."

Ni kweli hawakuwa wameshuka wote. Marhoun na mwenzake walikuwa bado juu, na kitabu kilisema usiondoke mpaka kilima kibaki wazi. Nikawa nahesabu. Nilipofika thelathini Yazan akalia sauti ambayo sijaisikia tena. Alisema, "Hazim, jicho."

Harub alisimama. "Na sasa anasema nini?"

Nikasema, "Anasema bado kidogo."

Akakaa chini. Watu wanane walikuwa wanangoja neno langu, na nilikuwa nafurahi. Sikuwa naogopa, Shangazi. Nilikuwa nafurahi. Nilihesabu mpaka sitini na nane, Marhoun akashuka, tukapanda. Kilima tulikipata bila kupigwa hata jiwe. Uwanja tunauchezea mpaka leo. Yazan hachezi, kwa sababu mpira ukija kwa kushoto hauoni.

Kule hospitali ya Muscat daktari alikuwa Mhindi, akizungumza Kiingereza, na mkalimani wa Baba nilikuwa mimi. Alisema majeraha ni mawili. Mwiba wa kwanza ulikwaruza tu pembeni, jicho lingepona kwa dawa. Wa pili, uliokuja baada ya yeye kuniita, ndio ulioingia katikati. Baba aliponiuliza, nilimwambia, "Anasema mwiba umeingia, jicho halitaona." Basi.

Yazan mwenyewe alinishika mkono kitandani akauliza mbona tulichelewa. Nikamwambia Harub aliogopa. Tangu hapo akamchukia Harub mwaka mzima na nusu, na kila Ijumaa akimsimulia Bibi jinsi alivyoushika upande wa kulia peke yake. Mimi nikiwa hapo hapo nakula.

Lakini Kiarabu amekijua sasa, tena kuliko mimi. Wiki mbili zilizopita kaka yake Harub alioa, tukaenda. Tulikuwa tumekaa kwenye sinia la wali, na Yazan akamwambia Harub mbele ya watu kwamba yeye ni mwoga.

Harub hakukasirika, alishangaa. "Mwoga mimi? Wewe ndiye uliyekuwa unatuambia tungoje. Mara mbili. Nikasema, huyu Mzinjibari mdogo moyo wake jiwe, anapigwa na bado anatuambia tungoje."

"Nani alikwambia nilisema hivyo?"

Harub mkono wake ulikuwa na nyama. Akanionyesha kwa nyama hiyo hiyo.

Yazan hakunipiga. Ningependa anipige. Alimaliza kula, akanawa, akarudi nyumbani kwa miguu. Usiku ule alihamishia godoro lake kwenye chumba cha Bibi. Tangu siku hiyo Kiswahili hanisemezi. Nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiarabu, kama wanavyomjibu mgeni dukani. Juzi tu alikuja mlangoni akasema, "Mwandikie mama yangu. Mwandikie nilichosema."

Alisema, "Hazim, jicho." Hicho ndicho alichosema.

Baba bado hajui. Atajua utakapompigia simu, nami sitatoka nyumbani siku hiyo. Dumu liko juu ya kabati. Niandikie nimpe nani.

Bibi Ghaniya anakusalimu sana, na dada yangu Khulood anambusu mtoto wako mdogo. Baba naye salamu zake ni zile za siku zote, na dua. Mungu akuzidishie afya, na akupe subira ya kuimaliza barua hii. Msamaha sikuombi kwa leo.

Salamu za Yazan sikuletei. Amenikataza nisimsemee tena kwa mtu yeyote, kwa lugha yoyote.

Mimi niliyekula asali yako, na bado nakupenda,

Hazim bin Hamoud