Kikombe Juu ya Zulia

Jumapili, 5 Oktoba
Nimetoka skuli, nimekula, nimeosha vyombo, nimefungua kemia. Sisomi. Nafikiria Jumamosi tu, tutakapoanza kuwatembelea washindani wa tuzo.

Ni tuzo ya watu wetu, tuliorudi Oman kutoka Zanzibar na bara, kwa aliyewafaa wenzake katika mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah. Waamuzi watatu. Ustadh Khalfan wa Nizwa, mwalimu mstaafu, ndiye mkubwa wetu. Daktari Asila, wa meno, hapa hapa Ibra. Na mimi, kwa upande wa vijana, kwa ajili ya insha niliyoandika juu ya Bibi. Nina miaka kumi na sita. Nataka kufanya sawasawa.

Maryam kaniuliza darasani, "Tuzo ya Wazinjibari? Kwani nyinyi si Waomani?" Nikacheka.

Jumanne, 7 Oktoba
Kikao kwa simu. Wamebaki washindani wawili. Mhandisi Suleiman wa Nizwa, anayetengeneza pampu za jua za mashamba ya mitende. Na Bi Moza wa Sur.

Watu walipokuwa wakirudi, watoto wao walikuwa hawajui kusoma Kiarabu. Wakawekwa darasa moja na wadogo zao, wakachekwa. Bi Moza akawafundisha kila alasiri, bure, katika majlisi yake, chumba cha kupokelea wageni.

Baba alikuwa mtoto wa namna hiyo. Lakini alikuwa Ibra, hakuwa na Bi Moza. Akaacha skuli. Nataka Bi Moza ashinde. Mwamuzi hafai kutaka. Nataka.

Sharti la kamati: mwamuzi asile wala asinywe kitu kwa mshindani. Bibi kacheka mpaka kakohoa. "Katika Oman hii? Basi mpite madirishani, maana mlangoni hamtoki bila kahawa."

Jumamosi, 11 Oktoba
Nizwa. Ofisi, si nyumba. Chupa za maji mezani, hatukuzigusa, hakujali. Mhandisi anasema haraka, kila swali ana picha ya kujibia. Anachanganya Kiswahili na Kiarabu kama mimi. Mtu mwema. Nilitamani awe mbaya.

Jumamosi, 18 Oktoba
Sur.

Bi Moza ni mfupi, hina vidoleni, sauti ya mwalimu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanishika kidevu. Ikaja tende, ikaja halwa. Hatukugusa. Mwanawe Hamadi akamimina kahawa, akampa kila mmoja wetu kikombe chake.

Ustadh Khalfan alikipokea, akakiweka juu ya zulia. Daktari Asila naye akakiweka.

Hamadi akasita, akamtazama mama yake. Mimi nilijua kwa nini. Babu alipokwenda kumposea ami yangu mke, alikiweka kikombe chini hivyo hivyo, hakunywa mpaka baba wa msichana aliposema haja yake imekubaliwa. Mgeni asiyekunywa ana haja, au ana dai. Mwenye nyumba hawezi kuzungumza jambo jingine mpaka limalizike.

"Semeni haja yenu, Ustadh," akasema Bi Moza. "Kama kuna mtu tumemkosea, tutamridhisha."

Ustadh akasema hakuna haja, ni sharti la kamati tu.

"Basi kunyweni."

"Hatuwezi, Bi Moza."

Hamadi aliweka dele la kahawa chini. Uso wa mama yake ukakunjika. Daktari Asila, aliyekulia Ulaya, hakuelewa kitu. Akaanza maswali. Umewafundisha watoto wangapi? "Sikumbuki." Ulianza lini? "Zamani." Wako wapi sasa? "Wapo."

Kikombe changu kilikuwa bado mkononi. Nikanywa. Hamadi akaniongeza, nikanywa tena, nikakitikisa kuonyesha nimetosheka. Bi Moza akanigeukia mimi peke yangu, na akasema. Kuhusu mvulana mrefu kuliko mwalimu wake, aliyekuwa akificha kitabu cha darasa la kwanza ndani ya kanzu ili asionekane nacho njiani. "Sasa daktari wa moyo, Maskati. Mwandiko wake bado mbaya." Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza leo.

Garini Ustadh aligeuka kunitazama. Kisha: "Najua maana ya kile kikombe, binti yangu. Usidhani sijui."

Jumapili, 19 Oktoba
Ustadh kapiga simu. Niiambie kamati kwamba nimekosea, na alama nilizompa Bi Moza zitabaki. Nisiposema, zinafutwa. Zikifutwa, Bi Moza hana njia. Yeye na Daktari Asila wamempa kidogo, kwa yale majibu ya neno moja moja.

"Ni neno moja tu," kasema. Kwa upole. Ningependa angenigombeza.

Jumatano, 22 Oktoba
Sili vizuri. Leo nimejibu swali la historia katika somo la jiografia.

Nikisema nimekosea, atapata tuzo. Lakini nitakuwa nimesema kwamba kunywa kahawa yake ni kosa. Nisiposema, atakosa kwa sababu yangu. Nachukia yote mawili.

Baba kasema, "Sema umekosea, yaishe." Nikamweleza Bi Moza ni nani. Akatoka kwenda kumwagilia mlimau, uliokwisha kumwagiliwa asubuhi.

Bibi alikuwa akichagua mchele. Akanisogezea sinia nichague naye.

Jumamosi, 25 Oktoba
Neno lile la Ustadh nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nimekosea. Nimekosea. Watu wa kamati wakaniuliza. Nikasema, "Nimevunja sharti. Sikukosea."

Ustadh akafumba macho. Alama zikafutwa. Mhandisi kashinda.

Nimelia msalani, bomba limefunguliwa. Sijui kama nimefanya haki au nimejipenda tu.

Ijumaa, 31 Oktoba
Sherehe, Nizwa. Mhandisi kashukuru watu wengi, vizuri. Bi Moza alikuja, safari yote ile kutoka Sur, akakaa safu ya pili, akapiga makofi. Sikuthubutu kumsogelea.

Baba alithubutu. Baba, ambaye kazini hatamki neno la Kiswahili. Alimwendea mbele ya watu, akainama, akasema shikamoo. Mengine sikuyasikia. Bi Moza alimshika kidevu kama alivyonishika mimi.

Ustadh kaniambia, kama anayenionya, kwamba mwakani sharti liondoke au aondoke yeye. Nikasema ahsante. Nilitaka kulia tena. Sikulia.

Jumamosi, 8 Novemba
Sur. Baba kanipeleka.

Hamadi alimimina. Nikapokea, nikakiweka kikombe juu ya zulia. Maneno nilikuwa nayo tayari: unisamehe, umekosa tuzo kwa ajili yangu.

Bi Moza akakitazama kikombe, akanitazama. Hakuningoja niseme.

"Kunywa, mwanangu. Haja yako imekubaliwa."

Nikanywa. Ilikuwa bado ya moto.

Yeye na Baba wamezungumza Kiswahili mpaka alasiri, habari za mitaa ya Unguja ambayo mimi siijui. Nilimenya chungwa, nikala lote. Wakati wa kuondoka alitufungia halwa.

Haja yangu ilikuwa nini, sikumwambia. Hakuuliza.